Kiti cha Hakuna

Jumatatu, 4 Machi
Mvua imeanza, na wateja wameanza nayo. Kila mwaka ni hivi hivi: likikaribia kongamano, wapenzi wa hadithi za sayansi wanakumbuka kwamba hawana la kuvaa. Leo wamekuja watatu. Mmoja anataka kuwa roboti, mwingine malkia wa sayari isiyo na hewa, na wa tatu anataka mikono sita, yote isogee. Nimemwambia hiyo si kazi ya cherehani, aende akazaliwe upya.
Naandika kwa sababu daktari wa shinikizo la damu amesema nisiweke mambo moyoni. Haya, nayaweka hapa.

Alhamisi, 7 Machi
Mvua. Roboti amenenepa tangu Jumatatu.

Jumamosi, 9 Machi
Orodha ya Tuzo imetoka. Hadithi nne, na ya tatu ni ya mdogo wangu.
Niieleze Tuzo yenyewe nisije nikaonekana nababaika bure. Chama chetu kina miaka kumi na minne. Nilikianzisha mimi na Mwenyekiti, ambaye ni daktari wa meno, tukiwa sita katika chumba hikihiki, tumekalia marobota ya vitambaa. Kila mwaka wanachama hupiga kura kuchagua hadithi bora, na mshindi huchapishiwa kitabu kizima. Mimi nimepeleka hadithi mara kumi na moja. Sijawahi kuingia hata kwenye orodha.
Mdogo wangu amepeleka moja.
Alikuja mbio kutoka duka la dawa anakofanya kazi, koti jeupe limelowa chapachapa. "Dada! Dada, nimeingia!" Nikampigia vigelegele mpaka jirani akachungulia. Nikamkumbatia, nikamkausha kichwa kwa kipande cha bitana. Alipoondoka nikakaa kumalizia vazi la malkia, nikashona mkono wa kushoto nje ndani.

Jumapili, 10 Machi
Kumbe kuna na sharti. Mumewe, ambaye ni mtunza ghala na anaamini kitu akikiona kwenye rafu tu, amemwambia hivi: "Ukishinda, nitakuchongeshea meza ya kuandikia. Ukishindwa, tuachane na hivyo vyombo vya angani, turudi duniani." Mdogo wangu amekubali. Wamepeana mikono kama watu wanaouziana shamba.
"Na ukishindwa kweli?" nikamuuliza.
"Nafunga daftari, dada. Neno ni neno."
Ndivyo alivyo tangu utotoni. Akisema hali, hali mpaka chakula kioze.

Jumapili, 17 Machi
Nimeisoma.
Nilijitia hamnazo wiki nzima, mara nina kazi, mara miwani imepotea. Leo mvua imenifungia ndani, sikuwa na kisingizio. Hadithi inaitwa "Mlango wa Nane". Chombo kimesafiri miaka tisini kati ya nyota. Waliokipanda wameshakufa wote. Waliomo ni wajukuu. Kina vyumba vinane, na cha nane kilifungwa tangu siku ya kwanza, hakuna anayejua kwa nini. Chomboni kuna fundi anayeshona mavazi ya hewa. Siku moja anasikia mtu anabisha hodi kutoka chumba cha nane. Anabisha akiwa ndani. Fundi anaweka mkono kwenye komeo, na hapo hadithi inaisha, kwa sababu hiyo ni sura ya kwanza tu, nyingine zimo kichwani mwa mdogo wangu na kwenye madaftari yake.
Nilisimama. Nikazunguka chumba. Nilitaka kuvaa viatu nimfuate kwenye mvua nimkamate mabega nimwambie, nani yumo humo? Sijashikwa na hadithi hivyo tangu nilipokuwa msichana.
Kisha nikarudi ukurasa wa pili, nikamsoma yule fundi vizuri. Ana pini mdomoni. Mguu wake wa kulia umevimba. Anaongea na cherehani yake. Na mdogo wangu ameandika hivi: "Alikuwa mwanamke ambaye hakuna mtu aliyewahi kumsubiri mahali."
Nani mwingine huyo? Nani mwingine ana mguu uliovimba na cherehani ya kuongea nayo? Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, nikishona huku nikimsimulia mambo ya nyota, naye amekaa chini anaokota pini. Kumbe alikuwa ananitazama. Ameniokota na mimi.
Hadithi ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote za miaka kumi na minne, na kuliko zangu kumi na moja zikiunganishwa. Nimeliandika hili hapa ili nisije siku moja nikasema sikujua.

Jumatano, 20 Machi
Mvua. Sikumwambia kitu. Nimesema bado sijaimaliza.

Alhamisi, 28 Machi
Mwenyekiti amekuja kupimwa. Mwaka huu anataka kuwa nahodha, na joho. Nimegundua kitu ambacho mafundi wote wanakijua lakini hawakisemi: mtu akiinua mikono apimwe kifua, unaweza kumwambia chochote. Hawezi kwenda popote. Ana utepe kiunoni na pini ubavuni.
"Orodha ya mwaka huu unaionaje?" nikamuuliza.
"Si mbaya. Ya mdogo wako..."
"Nyepesi," nikasema. "Zote. Ninyi wa zamani mnaogopa kusema. Karatasi ya kura ina neno Hakuna pale chini, tuliliweka la nini?"
Tuliliweka mimi na yeye. Karatasi ina mistari mitano: hadithi nne, na chini kabisa neno HAKUNA, kwa anayeona hakuna inayostahili. Unaweka namba, moja mpaka tano. Halijawahi kushinda. Siku ya kutangaza tunaliwekea hata kiti chake jukwaani, kitupu, kandokando ya waandishi, na kila mwaka kinakuwa cha kwanza kutolewa. Antena, mwanachama mrefu kuliko wote, anakibeba kichwani kwenda nacho nje, ukumbi mzima unacheka.
"Iwe onyo tu," nikamwambia. "Wachache wetu tuweke Hakuna namba moja. Vijana wajifunze kuhangaika."
"Hata kwa mdogo wako?"
"Mimi sipendelei mtu."
Akaniangalia kwa heshima. Nikamwambia ashushe mikono.

Jumamosi, 6 Aprili
Nimewapima saba wiki hii. Saba wamesikia kuhusu onyo. Sikumsema mtu vibaya, mashahidi wapo.
Leo alikuwa Antena. Tunamwita hivyo kwa urefu, na kwa sababu linaloingia kwake linatangazwa. Akaniuliza, akiwa juu ya kigoda namkunjia suruali: "Fundi, ile ya mdogo wako, kweli ameitunga mwenyewe? Ni nzuri mno kwa mtu wa mara ya kwanza."
Jibu lilikuwa neno moja. Ndiyo. Nimeyaona madaftari yake tangu ana miaka kumi na miwili.
Nikatoa pini mdomoni, nikazipanga kwenye kimto cha pini, moja moja. Nikasema, "Ni mdogo wangu. Naomba usiniulize."
Macho yakamtoka. "Ahaa," akasema. "Basi nimekuelewa, Fundi."
"Hujanielewa. Simama wima."

Jumanne, 9 Aprili
Mvua. Mguu unauma.

Jumapili, 14 Aprili
Mdogo wangu amekuja nimshonee nguo ya siku ile. Ameleta kitambaa cha buluu. Cha kishamba, lakini kinampendeza. Alikaa palepale alipokuwa anakaa akiokota pini, akaniambia mumewe ameanza kumuuliza maswali. Jana mtunza ghala alitaka kujua watu wa kwenye chombo wanakula nini miaka yote tisini. Wakacheka mpaka wakaunguza mboga.
"Dada, mbona hujaniambia umeionaje?"
"Baada ya kura. Wasije wakasema nimekupigia debe."
"Yule fundi umemwona?"
"Nimemwona."
"Hujakasirika?"
"Nikasirike kwa nini? Ni hadithi." Nikavuta uzi. "Nani anabisha hodi humo ndani?"
Akacheka kwa furaha, akajifunika mdomo kama mtoto. "Ukitaka kujua, niombee nishinde! Kitabu kikitoka utakuwa wa kwanza. Nisiposhinda, ndiyo imezikwa hiyo."
Sketi nimeikata nyembamba. Yeye aliitaka pana, nikamwambia nyembamba ndiyo ya jukwaani.

Jumatatu, 22 Aprili
Malkia wa sayari isiyo na hewa amekuja kuchukua vazi, akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa rambirambi, kwamba imejulikana. Mdogo wangu amenakili kutoka kitabu cha kigeni. Kuna mtu amekiona kwa macho. Kina jalada jekundu.
Jalada jekundu! Mimi mwenyewe nilikaribia kukiamini.
"Pole sana, Fundi," akasema. "Tunajua unavyoumia."
Nilikuwa na pini mdomoni, na pini mdomoni zina faida zake. Nikatikisa kichwa tu. Alishuka kigodani, akanishika bega, akaenda zake na nguo yake chini ya mwavuli. Nilikuwa na nafasi ya kumwita mpaka alipofika kona.

Ijumaa, 3 Mei
Siku ya mwisho ya kura. Mchana kutwa karatasi imekaa juu ya cherehani. Nimeshika kalamu, nimeweka. Nimeshika, nimeweka. Nikajiambia onyo ni onyo, halitashinda, atashinda mmoja wa wale watatu na mdogo wangu atalia siku mbili, basi. Nikajiambia pia kwamba mtu aliyeniandika hivyo hawezi kudai kura yangu.
HAKUNA, namba moja. Mdogo wangu nimemweka wa tano.

Jumatatu, 13 Mei
Mvua. Mikono sita imekamilika. Minne inasogea.

Jumamosi, 18 Mei
Niandike yote, kwa mpangilio, maana nikiacha leo nitakuja kuandika uongo.
Ukumbi wa chuo cha ufundi, mabati juu, mvua inapiga mpaka wasemaji wanapiga kelele. Asubuhi tulikuwa na mjadala kama inafaa mtu kurudi nyuma katika wakati akamzuie babu yake kuoa. Wawili nusura wapigane. Meza za vitabu zilifunikwa nailoni. Nguo zangu zilipita huku na huku, nilihesabu ishirini na tatu. Mwenyekiti na joho lake alikuwa anajikanyaga.
Saa tisa wakaitwa waandishi wanne. Wakapanda ngazi tano za mbao, kila mmoja akasimama mbele ya kiti chake. Cha tano, kile kitupu, kikawekwa pembeni, kando ya mdogo wangu. Utaratibu ni huu: Mwenyekiti anamtaja mwenye kura chache, huyo anashuka, kura zake zinakwenda kwa chaguo lililofuata. Anaendelea hivyo mpaka abaki mmoja. Antena alikuwa ameshasimama chini ya jukwaa, amekunja mikono ya shati, tayari kubeba kiti.
Mwenyekiti akamtaja mwandishi wa kwanza. Akashuka. Antena akakaa, amechanganyikiwa.
Antena akasimama tena. Akatajwa wa pili. Antena akakaa. Watu wakaanza kucheka, wakidhani ni mzaha uliopangwa.
Akatajwa wa tatu.
Jukwaani wakabaki mdogo wangu na kiti. Ukumbi ukalipuka. Hata wale niliowapima, hata malkia, walipiga makofi. Nadhani kila mmoja alijiona peke yake ndiye aliyetoa onyo. Na nyuma kabisa nikamwona shemeji. Mtunza ghala yule amepanda juu ya kiti na viatu vyake vya kazini, anapiga mluzi wa vidole viwili, analia. Simjui huyo mtu. Miaka tisa ni shemeji yangu na simjui.
Mdogo wangu alitazama chini, akanitafuta, akaniona. Akaweka mkono kifuani. Kisha akamsogelea Mwenyekiti, akanyoosha mikono yote miwili kupokea.
Mwenyekiti alisoma karatasi mara mbili. Akasema, "Tuzo ya mwaka huu: Hakuna."
Mdogo wangu akacheka. Alidhani anataniwa, na mikono bado ameinyoosha.
"Samahani, binti," akasema Mwenyekiti, na kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu alisikia. "Inabidi ushuke. Kinachobaki ni kiti."
Kuna mtu alicheka. Mmoja tu, lakini mabati yakalirudisha lile cheko. Mdogo wangu akashusha mikono. Akageuka kushuka, na sketi ile haikumruhusu kupiga hatua. Alishuka ubavu ubavu, ngazi moja, anasimama, ngazi ya pili, anasimama, ukumbi mzima unamtazama. Ngazi tano. Sketi niliikata mimi.
Nilifurahi. Niandike ukweli. Kwa muda wa kuvuta pumzi mbili nilifurahi, mwili wote ukawa mwepesi, hata mguu haukuuma. Kisha ikaisha, na haijarudi.
Matokeo yalibandikwa mlangoni. Hakuna, kura thelathini na moja. "Mlango wa Nane", ishirini na tisa. Kanuni ya sita inasema kura zikilingana, mtu hukishinda kiti. Kanuni ya sita niliiandika mimi. Kura yangu ingevuka upande wa pili, zingekuwa thelathini kwa thelathini.

Jumapili, 19 Mei
Alikuja mchana. Macho yamevimba, lakini amechana nywele. Akakaa kigodani, si pale chini.
"Wanasema nimeiba," akasema. "Hilo haliniumi, najua sikuiba. Ninachotaka kujua ni kimoja. Ni mbaya?"
Nikainama kuokota pini.
"Dada, kuna watu sitini wamesoma, na wengi wao wakaona bora kiti. Wewe umesoma vitabu hivi tangu sijazaliwa. Hujawahi kunidanganya. Niambie tu, ni mbaya?"
Ningesema si mbaya, angeuliza: basi kwa nini? Na jibu la hilo lilikuwa mimi. Niliona swali lile linakuja, nikalikimbia.
"Ina kasoro," nikasema.
"Nyingi?"
"Nyingi. Sikutaka kukuvunja moyo."
Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi. Machozi yakamdondoka mapajani, hakuyafuta. "Ahsante," akasema. "Afadhali wewe. Wengine wote wangenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."
Akanisaidia kuokota pini, akaenda kazini.

Jumatano, 22 Mei
Mvua imepungua. Sijashona.

Jumapili, 26 Mei
Shemeji alipiga hodi, akaingia, akavua kofia. Hajawahi kunivulia kofia.
"Shemeji, nimekuja kwa shida. Meza nimeichongesha."
"Si mlisema akishindwa..."
"Nilisema. Mjinga mimi. Nilimwombea ashindwe, Mungu anisamehe, nilidhani ndiyo tutatulia. Lakini nilipomwona pale juu..." Akaikunja kofia. "Nimemwambia sharti limekufa, aandike anavyotaka. Hataki. Anasema ni mbaya, dada kasema. Shemeji, mimi sijui vitabu, lakini ile kitu si mbaya. Siku nzima pale ghalani nawaza nani amefungiwa mle ndani. Anakusikiliza wewe tu. Mwambie."
"Madaftari yake yako wapi?"
"Ameyapeleka dukani. Anachana karatasi, anafungia vidonge."

Jumatatu, 27 Mei
Nimekwenda duka la dawa akiwa ametoka kula. Mwenzake akaniuzia vidonge vya kichwa. Nimekifungua kifurushi barabarani. Mwandiko wake: "...sauti ikauliza, mmefika? Naye hakujua aseme..." Basi, hapo karatasi imechanwa.

Jumanne, 28 Mei
Vidonge vya mafua. "...si wafungwa, bali waliobaki macho ili ninyi..." Nani? Waliobaki macho kwa nini?

Jumatano, 29 Mei
Vya minyoo. Orodha ya mboga tu, upande wa pili mtupu.

Ijumaa, 31 Mei
Vya tumbo, na vya kichwa tena. "Fundi akacheka, kwa sababu tangu azaliwe ndiye pekee aliyekuwa akisubiriwa." Nimeisoma nimesimama kwenye matope. Nimeisoma mpaka mtu akaniuliza kama naumwa.

Jumamosi, 1 Juni
Leo nimemkuta yeye mwenyewe.
"Dada, unaumwa nini? Mwenzangu anasema kila siku uko hapa."
Nikamwambia pale pale, mbele ya rafu, na watu wamepanga foleni nyuma yangu. Nikamwambia hadithi si mbaya. Nikamwambia ni nzuri kuliko zote tulizowahi kupata, nilijua tangu Machi, nilidanganya. Nilikuwa nashika ukingo wa kaunta.
Akanitazama kwa upole ule anaowatazamia wagonjwa. "Shemeji yako kakutuma."
"Hakunituma! Sikiliza. Mimi nilipiga Hakuna. Kura yangu. Na wengine niliwashawishi mimi."
Sauti yangu ilikuwa juu, watu wa foleni wakageuka. Yeye hakushtuka. Akaweka mkono wake juu ya wangu.
"Nilihisi hivyo," akasema. "Uliona haifai, ukapiga kwa haki hata kwa ndugu yako wa damu. Mimi nisingeweza, dada. Ndiyo maana nakuamini. Sasa usianze kunihurumia, utaniharibia."
"Nilikuonea kijicho!"
"Haya," akasema, kama anavyomwambia mtoto anayekataa sindano. "Haya, dada."
Nilikuwa nimebakiwa na swali moja, nikaliuliza, najua halikuwa la wakati ule. "Chumba cha nane. Walikuwa nani mle ndani? Walikuwa wanamsubiri kwa nini?"
Alifikiri. Namjua akifikiri, anauma kona ya mdomo. Alitafuta kwa dhati, kwa ajili yangu, na hakukuta kitu.
"Nimeshasahau," akasema. Akachana karatasi, akanifungia vidonge vyangu. "Una kingine? Watu wanasubiri."
Nikasema sina kingine, nikampisha aliyekuwa nyuma yangu.